Vitabu vya Habari Zetu na Lugha Yetu

Wanavyuoni wa siku hizi wameandika vitabu vingi juu ya historia, nyimbo na fasihi ya watu wa Afrika ya Mashariki. Jambo hili ni la kushukuriwa. Lakini sisi walimu wa chuo hapa Kanazi, wilayani Ngara, tuliosoma Qurani na shule ya msingi tu, vilivyo vingi hatuwezi kuvisoma, kwani vimeandikwa kwa Kiingereza.

Tazameni mifano. Mwaka 2001 Bibi Laura Fair alitoa kitabu juu ya watu wa mji wa Unguja tangu 1890 hata 1945. Humo alizitumia nyimbo za Siti binti Saad, aliyekwenda Bombay mwaka 1928 kutiwa sauti yake katika sahani za santuri, ili aonyeshe malalamiko ya maskini. Mwaka 2008 Bibi Felicitas Becker alitoa kitabu juu ya kuenea kwa Uislamu bara, hasa upande wa Lindi na Mtwara. Pamoja na karatasi za serikali za zamani, mabibi hawa walichukua habari vinywani mwa wazee. Basi maneno yalitoka kwetu kwa Kiswahili, nayo leo mjukuu wa msemaji hawezi kuyasoma.

Hata hivyo, si vyote vilivyo hivyo. Marehemu Sheikh Abdalla Saleh Farsy alituandikia kwa Kiswahili habari za wanavyuoni wa Kishafi wa Afrika ya Mashariki; wageni ndio waliohitaji kufasiriwa, mwaka 1989. Shaaban Robert naye alituachia wasifu wa Siti. Na riwaya ya Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 2021, iliyotoka kwa Kiingereza mwaka 1994, ilifasiriwa na Bibi Ida Hadjivayanis ikatoka mwaka 2022 kwa jina la Peponi.

Kwa hiyo twawausia wenye nyumba mambo mawili. Kwanza, kinunuliwe kitabu kimoja cha namna hii, kisomwe kwa sauti baada ya Isha, wakubwa na watoto wasikie. Pili, mzee anapoeleza ni nani aliyemfundisha Qurani, na mwalimu huyo alitoka wapi, mtoto aandike katika daftari, pamoja na jina la msemaji na tarehe. Wanavyuoni wetu wa kale hawakukubali hadithi pasipo kumjua aliyeipokea. Na sisi tufanye vivyo hivyo. Wazee wetu wanapungua kila mwaka. Kazi hii na ianze mwezi huu, inshallah.