Antena ya Motokaa

Motokaa ya wagonjwa itokayo Muleba kwenda Bukoba hupita kati ya vilima. Dereva asiposikika katika redio, msaada hauji, na mgonjwa aweza kufa njiani. Basi, antena iwekwe wapi? Mahali palipo bora ni katikati ya paa la chuma, kwa maana chuma hicho husaidia kueneza mawimbi pande zote sawasawa. Urefu wake nao hupimwa: wimbi likiwa la meta 2, yatosha robo yake, yaani sentimeta 50. Kishikio cha sumaku hakitoboi paa, lakini tawi la mti laweza kukiangusha. Kilichokazwa kwa skrubu hudumu. Tena, kilima huzuia mawimbi. Dereva akikosa jibu bondeni, na apande juu, aite tena.