Je, Huo ni Ubinafsi?

Ni mara ngapi tunalitamka neno hili majumbani mwetu? Mtoto akikataa kumgawia mdogo wake ndizi, tunamwita mchoyo. Baba akiuza maharage na kunywea fedha zote, tunasema ana ubinafsi. Lakini mama anayenyonyesha akijiwekea uji kidogo, naye huambiwa neno hilo hilo. Je, ni haki?

Hebu tuyatenganishe maneno haya. Mchoyo huwanyima wengine alicho nacho, hasa chakula. Bahili huona uchungu kutoa fedha, hata kwa mahitaji yake mwenyewe. Mwenye ubinafsi anaweza kugawa vyote viwili, lakini kila jambo hulipima kwa faida yake. Shida ya mwenzake haioni.

Sisi wa Murukulazo na Ngara yote tuliwahi kupimwa kwa neno hili. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, wakimbizi kutoka Rwanda walimiminika kwa maelfu kupitia daraja la Rusumo, na kambi ya Benaco ikajaa. Wenyeji wengi waliwapokea na kugawana nao walichokuwa nacho. Siku zikapita, miti ikakatwa, na kuni zikawa mbali. Mama aliyelalamika kwamba hana kuni za kuwapikia wanawe, je, alikuwa mbinafsi? Hapana. Alisema kweli juu ya mzigo wake. Ubinafsi ungekuwa kusahau kwamba mama wa kambini naye alikuwa na watoto wenye njaa na chungu kisicho na moto. Wengi wa wakimbizi hao walirudi kwao Desemba 1996, lakini swali bado tunalo.

Ndani ya neno ubinafsi mna neno nafsi. Kuwa na nafsi si dhambi. Bwana Yesu alipotuagiza kumpenda jirani, kipimo alichotupa ni nafsi zetu wenyewe. Asiyeitunza yake atampimia jirani kwa nini?

Basi, akina mama, kabla ya kumhukumu mtu tujiulize maswali mawili: Akichukua hiki, nani atakosa? Akikosa hiki, nani ataumia? Mama yule akikosa uji, anayeumia ni mtoto kifuani. Huo si ubinafsi. Na tuwafundishe watoto wetu tofauti hiyo mapema, pale pale jikoni, tunapogawa chakula.