Shanga za Isinya na Ukurasa wa Wavuti

Msafiri atokaye Nairobi kwa njia ya Namanga, akiisha kuipita Kitengela na msongamano wa magari yake, hufika Isinya kabla ya kuingia Kajiado, na huko huwakuta akina mama wa Kimaasai wametandaza kazi ya mikono yao: vidani, vikuku, vipuli na mikanda ya shanga iliyotungwa kwa subira na kwa hesabu ya macho. Kazi hiyo yasifiwa hata ng'ambo, ila aghalabu husafiri bila jina la aliyeitunga, na picha zake zikionekana katika intaneti mara nyingi huwa zimewekwa na mchuuzi, kwa maneno ya mchuuzi. Makala haya yamekusudiwa kijana wa pande hizo ambaye hajapata kuandika hata mstari mmoja wa lugha ya kompyuta, apate kufahamu ya kuwa kumtengenezea mamaye ukurasa wake mwenyewe ni jambo lililo ndani ya uwezo wake, na ya kuwa kazi ya mwanzo haihitaji kompyuta ya thamani wala bando.

Wavuti ulibuniwa na Mwingereza Tim Berners-Lee alipokuwa akitumikia CERN, taasisi ya fizikia iliyoko Geneva. Na tarehe 30 Aprili 1993 taasisi hiyo iliutoa ufundi huo kwa walimwengu wote, pasi na ada wala sharti la kuomba idhini. Siku moja kabla yake, tarehe 29, alama ya .ke ilikuwa imeandikishwa kuwa ya Kenya katika daftari la majina ya intaneti. Nayataja haya kwa kuwa wengi hudhani kurasa za wavuti ni milki ya makampuni makubwa, ambayo sisi huazimwa tu nafasi ndani yake, ilhali haki ya kila mtu kuandika ukurasa wake ingalipo vile vile ilivyotolewa mwaka ule.

Ukurasa wenyewe, ukiuvua mapambo yote, ni faili la maandishi matupu. Hata simu ya mkononi, ikiwa na programu ndogo ya kuandikia maandishi, yatosha kuliandika, na faili likiisha kuhifadhiwa kwa jina la index.html, kivinjari kilichomo katika simu iyo hiyo hulifungua bila mtandao wowote, mwandishi akaona, akasahihisha, akaona tena. Lugha itumikayo huitwa HTML, na kanuni yake kubwa ni moja: kila sehemu ya maneno hutiwa baina ya alama mbili zilizoandikwa ndani ya mabano ya pembe, ya kufungulia na ya kufungia, na hii ya pili hutambulikana kwa mkwaju. Herufi p huonyesha aya, h1 huonyesha kichwa kikuu, na a huonyesha kiungo cha kumpeleka msomaji kwingine. Afahamuye mpango wa boma la Kimaasai hatapata taabu hapa, kwa maana zizi la ndama lililo ndani hufungwa kwanza, kisha ndipo lifungwe lango la nje. Na alama iliyofunguliwa ndani ya nyingine nayo lazima ifungwe kabla ya ile iliyoizunguka. Ndani ya alama ya html, ifunguayo ukurasa mzima, na aandike lang="sw", ili programu inayowasomea vipofu kwa sauti ijue kwamba haya ni maneno ya Kiswahili, isije ikayatamka Kiingereza.

Sasa twaingia katika jambo ambalo wanaoanza hulipuuza zaidi ya yote, nalo ni uzito. Kila herufi ya Kiswahili huchukua baiti moja, kwa hiyo maelezo ya herufi 5,000, ambayo yangetosha kueleza maisha ya mtungaji na kazi yake yote, ni baiti 5,000 tu; lakini picha moja ya simu ya siku hizi yaweza kufika baiti milioni 4, yaani sawa na maelezo hayo mara 800. Zamani, kabla ya kebo za baharini kufika Mombasa mwaka 2009, TEAMS ikitokea Fujairah na SEACOM ikifuata, habari za Kenya zilipitia setilaiti iliyo karibu kilomita 36,000 juu ya ikweta, na kupanda na kushuka tu kulikula takriban robo ya sekunde. Leo nuru hukimbia ndani ya nyuzi za kioo kilomita kama 200,000 kwa sekunde, na masafa yamekuwa si kitu; uzito, lakini, haukuondoka, na anayeulipia ni yule mnunuzi mwenye bando dogo. Dawa yake ni hesabu nyepesi: picha yenye upana wa nukta 4,000 na kimo cha 3,000, ikipunguzwa hadi 1,000 kwa 750, hubakiwa na sehemu moja katika 16 ya nukta zake, na katika kioo cha simu ushanga utaonekana vizuri.

Rangi nazo zina ilimu yake. Kioo huzifanya zote kwa nuru tatu, nyekundu, kijani na buluu, kila moja ikipewa nguvu kuanzia 0 hadi 255, hata jumla yake ikazidi milioni 16. Rangi ya chungwa ipendwayo katika shanga huandikwa rgb(255,165,0), yaani nyekundu yote, kijani zaidi ya nusu, buluu hakuna.

Majina ya mafaili yaandikwe kwa herufi ndogo daima, kwa sababu kompyuta nyingi za nyumbani huona Kidani.JPG na kidani.jpg kuwa kitu kimoja, ilhali seva nyingi, yaani kompyuta zihifadhizo kurasa mtandaoni, huona viwili, na picha iliyoonekana vema nyumbani hutoweka ikiisha kupelekwa mtandaoni. Lililo zito zaidi ni kwamba picha ya simu huweza kuficha ndani yake vipimo vya mahali ilipopigwa, hata mtu asiyejulikana akaweza kuufuata mlango wa nyumba. Vipimo hivyo vifutwe kabla ya picha kutolewa. Wala sura ya mama, au ya jirani aliyekaa kando yake akitunga, isichapishwe ila kwa ridhaa yake, kwani hilo ni adabu kabla ya kuwa Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019.

Yakiisha hayo, ziko huduma, kama GitHub Pages na Neocities, zihifadhizo kurasa za namna hii bila malipo. Na atakayetaka anwani yenye jina la nchi yake aweza kuandikisha jina liishialo kwa .me.ke, lililotengwa kwa ajili ya watu binafsi chini ya KENIC, shirika lisimamialo majina ya Kenya. Hilo hulipiwa kila mwaka, nami naona afadhali lingoje hata ukurasa uwe umekwisha kusomwa na wenyewe wa pale nyumbani na kukubaliwa. Basi wewe kijana wa Isinya, usingoje kozi wala kompyuta: fungua faili tupu jioni ya leo, uketi na mamako, umwulize kidani kile alikitunga vipi na kwa ajili ya nani, na jibu lake liandike kama alivyolitamka.