Mashine ya kutambua metali: utajuaje pa kwenda?



Kila nikitaja kwamba Jumamosi zangu hapa Uingereza naziishia mashambani na mashine ya kutambua metali, swali ni lile lile: hivi unajuaje pa kwenda? Wengi wanadhani ni bahati tu. Mie pia mwaka wa kwanza nilidhani hivyo, nikaambulia vizibo vya chupa na skrubu za matrekta.

Metali iko pale watu walipopita na kusimama. Kwa hiyo anza na ramani za zamani. Maktaba ya Taifa ya Scotland imeziweka bure kwenye intaneti zile za Ordnance Survey za karne ya 19, na Uingereza nzima imo. Tafuta njia ya miguu iliyokufa, kisima, kivuko, kiwanja cha gulio. Mtu akiinama, akiruka uzio au akifungua kibindo kununua kitu, ndipo sarafu inapodondoka. Ya kwangu ya kwanza ya fedha, ya enzi za Mfalme Edward I, niliipata hatua tatu tu kutoka pengo la uzio ambalo kwenye ramani lilikuwa njia ya kanisani. Na shamba lililolimwa karibuni ni bora kuliko la majani, maana plau hupandisha vilivyozama. Ile hazina ya Staffordshire ya 2009, dhahabu na fedha zaidi ya kilo 5, ilitoka kwenye shamba la namna hiyo.

Ila kwanza mwenye shamba. Andikianeni, pamoja na mtakavyogawana, kabla hamjapata kitu. Mie nilikubaliana na mmoja kwa mdomo, ikatoka pete ya dhahabu, na urafiki ukaisha siku ile ile. Maeneo ya kale yanayolindwa na sheria ya 1979 usiguse bila kibali cha serikali, hata mwenyewe akikuruhusu. Na ukipata hazina, sheria ya 1996 inakupa siku 14 kumwarifu yule ofisa anayechunguza vifo vya utata. Ndiye huyo huyo, mambo ya Waingereza!

Sasa wale wanaoninong'oneza kuhusu Kilwa na Pemba. Pale Mtambwe Mkuu zilifukuliwa sarafu zaidi ya 2,000 mwaka 1984, na faida yake khasa ni kuwa wataalamu walizikuta mahali pake, wakaandika zilivyokaa. Nikienda likizo nyumbani, mashine yangu naiacha huku.