Hesabu ya Pumzi Mlangoni pa Moshi

Mtu aingiaye katika jengo lililojaa moshi, au katika chumba ambamo gesi ya sumu imevuja, huku amebeba mtungi wa hewa mgongoni, huwa ameazimwa uhai kwa muda maalumu. Na muda huo hauendi kwa mwendo mmoja kwa watu wote, wala kwa mtu mmoja katika kazi mbili zilizo mbalimbali. Mtungi wa lita 6.8 ulioshindiliwa hewa kwa mgandamizo wa bari 300 huchukua takriban lita 2,000. Kwa makadirio ya lita 50 kwa dakika hewa hiyo ingedumu dakika 40. Lakini abururaye mpira wa maji ngazini, au abebaye majeruhi, aweza kuvuta maradufu ya hizo, na dakika 40 zikawa 20 pasipo yeye mwenyewe kutambua. Kipo kipenga ambacho hulia mgandamizo ushukapo karibu na bari 50, ila kanuni ni kwamba mtu awe amekwisha kutoka kabla hakijalia, maana hewa ibakiayo hapo ni akiba ya dharura, si posho ya kazi.

Ilimu hii haikupatikana bure. Tarehe 23 Januari 1958 moto ulizuka katika maghala ya baridi yaliyokuwa chini ya soko la Smithfield, London, na askari wawili wa zimamoto wa kituo cha Clerkenwell wakapotea katika vijia vya chini vilivyopindana, moshi ukiwa mzito hata mtu asiuone mkono wake, oksijeni ya vyombo vyao ikawaishia kabla hawajapata njia ya kutokea. Maafa hayo ndiyo yaliyoupa nguvu utaratibu ambao hata leo ni msingi wa kazi hii Uingereza: kila chombo cha kupumulia kina kibao chake, na mwenye chombo, kabla ya kuingia, humkabidhi mlinzi wa mlango kibao hicho kikiwa kimeandikwa jina, mgandamizo wa mtungi na saa ya kuingia. Mlinzi hukichomeka katika ubao, akapiga hesabu ya saa ambayo kipenga kitalia, akaiandika mbele yake. Na hapana afisa, awe na cheo gani, aruhusiwaye kupita mlango huo bila ya kuacha kibao.

Aibu ya ubao huo ni moja tu, nayo ni kubwa: humjua mtu wa makadirio, haumjui aliyemo ndani. Hapo ndipo mfumo wa kielektroniki ulipoleta faida isiyo na shaka. Chombo cha leo hupima mgandamizo wa mtungi na kuupeleka kwa mawimbi ya redio hadi katika ubao wa mlangoni, kila baada ya muda mfupi, na ubao hukadiria upya dakika zilizosalia kwa kadiri ya mtu yule avutavyo hewa kwa kweli. Mtu akikaa pasipo kujongea kwa nusu dakika hivi, king'ora chake hulia na habari humfikia mlinzi. Fauka ya hayo, mlinzi aweza kubonyeza kitufe kumwamuru atoke, na yule wa ndani akajibu kwa kitufe chake kwamba amri imemfikia. Wazamiaji lulu wa Ghuba ya Uajemi walikuwa na mtu wa juu jahazini aliyeshika kamba, akisikiliza mvuto wa mwenziwe aliye chini. Mfumo huu ni kamba ya namna ile, iliyofumwa kwa mawimbi.

Lakini kifaa cha umeme kiingiapo mahali penye gesi iwakayo, chenyewe chaweza kuwa sababu ya msiba. Tarehe 14 Oktoba 1913, katika mgodi wa makaa ya mawe wa Senghenydd huko Wales, mlipuko uliua wachimbaji 439 na mwokoaji mmoja. Na miongoni mwa sababu zilizotajwa katika uchunguzi ni cheche ya waya za kengele ya umeme, kitu ambacho watu wengi walikiona hakina madhara. Methani huwaka ikiwa kati ya sehemu 5 na 15 katika kila 100 za hewa, na cheche iitoshayo ni ndogo mno. Tangu hapo wataalamu walishughulika kubuni mizunguko ya umeme ambayo nguvu yake imepunguzwa kwa makusudi, hata waya ukikatika au kifaa kikiharibika cheche yake isiweze kuwasha gesi. Kifaa kisicho na cheti cha usalama wa namna hiyo hubaki nje, na hata chenye cheti hakibadilishwi betri ndani ya eneo la hatari. Simu ya mfukoni ya mwokoaji, ambayo wengi huisahau, nayo ni kifaa cha umeme.

Iko kasoro nyingine. Mawimbi ya redio hudhoofishwa na chuma, zege na udongo, kwa hiyo hukatika aghalabu palepale panapohitajika zaidi: katika meli, handaki, na ghala la chini ya ardhi. Viko vifaa vya kupokea na kurusha tena mawimbi, ambavyo huwekwa njiani. Hata hivyo mlinzi mwerevu haachi kuandika saa na mgandamizo kwa mkono, ili ubao ukinyamaza arudi katika hesabu ya zamani papo hapo. Kwa maoni yangu, mlinzi asiyeweza kupiga hesabu hiyo kwa kalamu hafai kupewa mlango wowote, ubao wake uwe wa thamani gani.

Tena mgandamizo hauelezi mtu yuko wapi. Tarehe 3 Desemba 1999 askari wawili wa zimamoto walipotea katika ghala la baridi lisilo na madirisha lililokuwa likiungua huko Worcester, Marekani; wanne waliofuata kuwatafuta walipotea nao, na wote sita wakafa. Kujua dakika walizobakiwa nazo kusingewaonyesha mlango. Ndiyo sababu baadhi ya vikosi vya zimamoto vya Uingereza, pamoja na elektroniki zote, bado hubeba kamba ya mwongozo, ambayo kila baada ya masafa mafupi ina vishikizo viwili, kimoja kina mafundo na kimoja hakina. Mwenye glavu asiyeona kitu huvipapasa, na upande wa chenye mafundo ndio upande wa kutokea.