Kashfa ya Cambridge Analytica
Kashfa ya Cambridge Analytica ilihusu taarifa binafsi za watumiaji wa Facebook zilizochukuliwa bila idhini yao kwa ajili ya kampeni za kisiasa. Ilijulikana duniani kote mwezi Machi 2018 kupitia magazeti ya The Observer la Uingereza na The New York Times la Marekani.

Chanzo chake kilikuwa programu ya maswali kuhusu tabia za watu iliyotengenezwa na mtafiti Aleksandr Kogan. Watu takriban 270,000 waliitumia kwa hiari, lakini kanuni za Facebook za wakati ule ziliruhusu programu kusoma pia taarifa za marafiki zao, ambao hawakuulizwa chochote. Facebook ilikadiria kuwa huenda watu milioni 87 waliathirika.

Facebook ilifahamu jambo hilo tangu mwaka 2015. Iliitaka Cambridge Analytica ifute taarifa hizo, ikakubali ahadi yake, bila kuwajulisha watumiaji.

Cambridge Analytica ilifungwa mwaka 2018. Mwaka 2019 Tume ya Shirikisho ya Biashara ya Marekani iliitoza Facebook faini ya dola bilioni 5. Kashfa hiyo ilionyesha kwamba ahadi ya kampuni haitoshi pasipo mtu wa kuikagua.