Tamaa: Neno Moja, Nyuso Mbili



Binti amemaliza kidato cha nne mjini Garissa na ataka kusomea ualimu katika chuo kikuu. Shangazi asema, "Mtoto huyu ana tamaa." Usiku, mama amnong'oneza, "Usikate tamaa, mwanangu." Neno ni lile lile. Je, mtoto ashike lipi?

Wasomali nao wanalo. Hulitamka damac, na asili yake ni Kiarabu, kama tamaa yetu. Hatulitetei lote. Tamaa ya mali ya watu ni maradhi, na wazee walituonya kwamba tamaa mbele, mauti nyuma. Lakini katika Qur'ani Tukufu, Sura As-Sajda, aya ya 16, neno hilo limewekwa sambamba na khofu, katika kuwasifu waja wanaoacha vitanda vyao usiku wakimwomba Mola wao. Hapo ni matumaini, si uroho.

Wako wanaoshauri tuseme azma. Ni neno zuri, ila azma ni nia iliyokwisha kufungwa. Mtoto hutangulia kutamani, ndipo akaazimia.

Garissa wanajua kukata tamaa ni nini. Asubuhi ya tarehe 2 Aprili 2015 washambuliaji waliingia katika chuo kikuu cha mji huo, wakaua watu 148, wengi wao wanafunzi. Chuo kikafungwa, na wanafunzi waliokuwa wakigharamiwa na serikali wakahamishiwa Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret. Nani angemlaumu mzazi aliyesema basi, yatosha? Hata hivyo, Januari 2016 milango ilifunguliwa tena, wakaingia wanafunzi wachache, wengi wao wenyeji wa hapo hapo. Mwaka 2017 chuo kikapata hati ya kujitegemea. Kwa nyumba isiyokuwa tayari kumpeleka binti mbali, chuo kilicho karibu si jambo dogo.

Basi shangazi akilirudia neno lake, tusimjibu kwa ukali. Tumwulize kwa adabu: tamaa ya nini, shangazi? Huenda anachokikumbuka ni asubuhi ile ya Aprili, wala si uroho wowote aliouona kwa mtoto, na hapo mazungumzo yatakuwa mengine kabisa.